Dada Yangu Santing na Jicho Walilomzulia

Ukimsikia mtu yeyote wa mtaa wetu wa Sampalukan akisema dada yangu Santing ana jicho, niletee mtu huyo. Usimpige wewe, niletee tu. Mimi ndiye Badong, fundi wa pancha pale njia panda ya kwenda ziwani, na hakuna dereva wa lori katika mkoa mzima wa Batangas ambaye hajawahi kunisubiri kwa adabu nimalize kula ndipo nishike gurudumu lake. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu mwalimu alikuwa amechoka kusahihishwa. Lakini habari za dada yangu sikuhadithiwa na mtu. Nimeziona kwa macho yangu haya mawili, na leo nazisema zote. Atakayekasirika akasirike. Foleni ya waliokasirika inaanzia kwangu.

Jina lake la kanisani ni Crisanta. Mimi humwita Ate, kama mdogo anavyomwita dada mkubwa, hata sasa ambapo sote wawili tuna mvi. Kwa miaka mingi alikuwa na kibanda cha lomi karibu na soko, zile tambi nene ndani ya mchuzi mzito wenye ini na mayai, na kwa kuwa mimi si mwongo nitasema wazi: lomi yake haikuwa bora mjini. Chumvi ilizidi. Watu walifuata uso. Santing alikuwa na uso unaofanya kazi kuliko mikono. Nyusi zinapanda, pua inakunjamana, mdomo unapinda upande mmoja, na kabla hajasema neno wateja wameshapaliwa na tambi. Akimwiga mwenyekiti wa mtaa anavyotafuna nyama ya bure kwenye msiba, hata mke wa mwenyekiti alikuwa anaomba arudie. Ukimwambia mchuzi una chumvi, anakutazama kana kwamba umemtukana marehemu mama yetu, halafu anakuongezea mchuzi.

Kisha mkono wa kulia ukaanza. Ukitulia tu juu ya meza, kidole gumba na cha shahada vinajisugua vyenyewe kama mtu anayesokota uzi. Hapo ndipo madaktari wote wa Sampalukan walipojitokeza.

"Hiyo pasma, Santing. Umetoka kwenye moto ukanawa maji baridi."

"Pasma hiyo. Mama yangu alipiga pasi mchana, akafua jioni, mpaka leo kijiko hakishiki."

"Usiguse maji tena ukitoka jikoni. Subiri hadi kesho."

Kwetu pasma ndiyo jibu la kila kinachotetemeka. Joto na baridi vimekutana kwenye mishipa, basi, mjadala umefungwa. Dada yangu, mwanamke msafi kuliko sakafu ya hospitali, akaacha kunawa. Anapika kutwa nzima, analala na mikono inayonuka vitunguu saumu na mafuta ya nguruwe, kwa sababu majirani wamesema maji yatammaliza. Wakamkanda kwa mafuta ya nazi na tangawizi. Bibi mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa amekufa na hawezi kujitetea, akamwambia anawe kwa mkojo wake mwenyewe wa asubuhi. Akanawa!

"Ate," nikamwambia, "hata lori bovu kiasi gani, sijawahi kulitia mkojo."

"Wewe unajua nini," akajibu, "wewe ni wa matairi." Wakati huo bado aliweza kuninyanyulia nyusi.

Nyusi nazo zikaondoka. Haikuwa siku moja. Uso wa dada yangu ulitoka upepo polepole, kama tairi lenye tundu dogo: leo unaliona zima, kesho unalitilia shaka, keshokutwa limelala kwenye ringi. Hatua zikawa fupi, anaburuta kandambili. Sauti ikaingia ndani ya kifua ikabaki humo, ikawa unamwinamia kumsikia. Bakuli likitoka jikoni limejaa, linafika mezani nusu, na kidole gumba kimo ndani ya mchuzi. Na wale wale waliokuwa wanakuja kwa ajili ya uso wakaanza:

"Siku hizi Santing ana maringo."

"Nimemtania, akanitazama kama ukuta."

"Amenuna. Labda mwanawe kamuudhi."

Hakuna aliyemuuliza yeye. Walikula lomi yake miaka yote hiyo, wakacheka bure miaka yote hiyo, na siku uso ulipozimika hakuna hata mmoja aliyesema, "Santing, kuna nini?" Wakahamia kibanda cha jirani. Mwanawe, Seniong, ambaye ni dereva wa pikipiki ya abiria na mtu mpole kiasi cha kukera, akamwachia mkewe Maricar kile kibanda, na mama yake akabaki nyumbani kuchambua mchele.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa mjini. Daktari akamwambia afungue na kufumba vidole, atembee kwenye ujia, ageuke. Mwisho akasema ni Pakinsoni, ugonjwa wa ubongo, hauna uhusiano na maji. Akasema hata ule uso ni ugonjwa: misuli haipokei amri, macho yanasahau kupepesa, mate yanasahau kumezwa. Mtu mwenyewe yuko vile vile.

"Maana yake, Daktari," nikauliza, "nikimtania sasa hivi, anacheka?"

"Anacheka. Wewe tu ndiye huoni."

Nilirudi na maneno hayo Sampalukan nikayagawa nyumba kwa nyumba kama mwaliko wa harusi. Kila mtu aliitikia, "Aa, kumbe," akaendelea na alichokuwa anafanya.

Dawa alipewa, na dawa inasaidia, lakini ina tabia zake. Kidonge kikishika, dada yangu anafunga vifungo vya blauzi, anamenya vitunguu, anakwenda hadi dukani. Kikiisha, anakwama kama gari lililokata mafuta katikati ya daraja, na hakuna cha kujikaza wala kuomba Mungu mpaka kingine kishike. Jamani, ni kitu kigumu hicho kuelewa? Hata mwanangu wa mwisho, ambaye hajui kufunga nati, alielewa. Lakini majirani walimwona asubuhi anatembea, mchana wanamkuta amekwama kwenye kiti, wakasema anaigiza ili apate kuhudumiwa. Watoto wa mtaani, wakipita, walitakiwa kuchukua mkono wa mkubwa na kuugusisha kwenye paji la uso, ndiyo heshima yetu. Mkono wa dada yangu ukifika kwenye paji unagonga, ko-ko-ko. Wakampa jina: Bibi Hodi. Halafu wakawa wanampita bila kuuchukua. Yeye alikuwa anaunyoosha, unabaki hewani, anaurudisha mapajani na kuukalia.

Hayo yote niliyameza. Nilikuwa naonekana nimenyamaza, lakini nilikuwa najaa upepo.

Kisha akazaliwa Anselmo, mtoto wa kwanza wa Seniong na Maricar, mjukuu wa kwanza wa dada yangu. Na pamoja na Anselmo akaja mama yake Maricar, Bi Purita, kutoka Lipa. Alikuja kumsaidia binti siku za uzazi, akasahau njia ya kurudi. Mwanamke wa rozari mbili, moja shingoni na moja mkononi, anayejua kila mtakatifu anatibu nini na kila jirani anasababisha nini.

Siku ya kwanza tu alimkuta Santing ameinama juu ya bembea ya mtoto, macho yamesimama, mdomo wazi kidogo.

"Mkwe," akasema, "usimkodolee mtoto hivyo."

"Namchekea," dada yangu akasema kwa ile sauti yake ya chini.

"Unasemaje?"

"Namchekea."

"Unamchekea kwa kinywa gani, mkwe? Hebu toka hapo, mtoto hajakomaa."

Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta samaki. Nikamwambia Bi Purita kwamba daktari ameeleza. Akaniambia daktari wa mjini hajui jicho, na kwamba macho yasiyopepesa hayajawahi kuleta heri kwa mtoto mchanga. Kwetu jicho tunaliita usog: mtu anamtazama mtoto sana, tumbo linavimba, mtoto analia. Na tiba yake ni mwenye jicho kumpaka mtoto mate yake tumboni.

Sasa niambieni, mtoto gani mchanga asiyevimba tumbo? Anselmo alinyonya kama pampu yangu ya umeme, akalia siku nzima miguu imekunjwa. Bi Purita hakuuliza kama mtoto amecheulishwa au la. Akamwita dada yangu mbele ya wanawake watatu wa jirani waliokuja kuona mtoto.

"Njoo umpake, mkwe. Ulilofunga, ulifungue."

Maricar alitazama sakafu. Seniong alikuwa mlangoni ameshika kofia, akasema, "Mpake tu, Mama, yaishe."

Na dada yangu, udenda ukimchirizika kidevuni bila yeye kutaka, akasogea kwa zile hatua zake fupi. Jirani mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Angalau mate hakukosa," wakacheka. Santing akalowesha kidole chake kinachotetemeka, akamchora Anselmo msalaba tumboni. Alikubali. Kwa ajili ya mtoto angekubali hata kuramba gurudumu.

Kesho yake asubuhi Anselmo alijamba, jamba moja refu la kiungwana, tumbo likalainika, akalala. Mnadhani walisema nini? Walisema mmeona! Amepaka, mtoto amepona, kwa hiyo ni yeye! Mtoto angebaki mgonjwa, kosa lake. Mtoto amepona, kosa lake. Nimeshughulika na madereva wajanja, nimeshughulika na polisi wa barabarani, sijaona mtego uliofumwa vizuri namna hiyo. Jamba la mtoto likawa shahidi dhidi ya dada yangu.

Kwanza waliweka pazia kwenye mlango wa chumba cha mtoto. Kisha wakamwambia ale jikoni. Kisha Seniong akatokea karakanani kwangu na mama yake ndani ya kile kibanda cha abiria kilichofungwa ubavuni mwa pikipiki, amekumbatia mto na mfuko wa nguo.

"Mjomba, ni kwa muda tu. Mpaka mtoto akomae."

"Mtoto akomae au wewe ukomae?"

"Mjomba, nifanyeje? Mama Purita halali. Maricar analia. Nyumba haina amani."

"Ilikuwa na amani mama yako alipokuwa anaosha mavi yako?"

Alimsaidia mama yake kushuka, akachukua mkono wake, akaugusisha kwenye paji lake la uso. Ko-ko-ko. Akaondoka. Ate akabaki amesimama kwenye mchanga uliojaa mafuta, akiitazama njia. Mtu mwingine angeuona ule uso angesema hajali. Mimi nilimsogezea kiti, nikaenda nyuma ya nyumba kuupiga teke ukuta wangu mwenyewe.

Hakulalamika. Alikula, alikunywa dawa, alichambua nati zangu kwa ukubwa wakati kidonge kimeshika. Lakini asubuhi nilimkuta mbele ya kioo cha pembeni cha basi la zamani nilichokitundika ukutani kwa ajili ya kunyolea. Ameshika mashavu kwa vidole vya mikono miwili, anayasukuma juu. Anayaachia, yanashuka. Anayasukuma tena.

"Unafanya nini, Ate?"

Maneno yake yanatoka yamechoka.

"Natafuta sura ya kumchekea Anselmo. Siku ya ubatizo."

Ndipo nikajua alichokuwa anakitaka. Hakutaka kurudi kwenye kile chumba, hakutaka kuombwa radhi. Alikuwa hajawahi kumbeba Anselmo. Tangu azaliwe! Bi Purita alisema mikono ile itamwangusha, na tangu hapo kila mtoto alipopita, alipita mbali naye kama sahani ya moto. Alitaka kumpakata mjukuu wake mara moja, kanisani, mbele ya watu, kabla ya maji.

Nilikwenda kwa Seniong siku hiyo hiyo na grisi mikononi, nikakaa kwenye kochi lao la kitambaa cheupe kwa makusudi. Nikamwambia mama yako anakuja ubatizo, anakaa benchi la mbele, anampakata mtoto kabla padri hajaanza. Seniong akamtazama mkewe, mkewe akamtazama mama yake.

"Aje," Bi Purita akasema. "Nyumba ya Mungu haina mlinzi. Ila asimkodolee."

"Nitamwambia afumbe macho na kuziba pua," nikasema. "Akiweza, asipumue."

"Mzee, wewe unadhani kila kitu mzaha."

"Ningekuwa sifanyi mzaha, Bi Purita, ungekuwa umesharudi Lipa."

Seniong akaahidi. Aliahidi mbele yangu, mkono kifuani.

Ubatizo ulipangwa uanze mara tu baada ya misa ya pili. Mimi na Ate tukapanga kama majenerali. Nyama na dawa ile haviivani tumboni, kwa hiyo asubuhi hakugusa soseji, alikula wali mkavu na ndizi. Kidonge akakimeza kwa wakati wake, ili misa ikitoka kiwe kimeshika barabara. Akavaa gauni la bluu, akafunga vifungo vyote mwenyewe. Tulifika mapema tukakaa kwenye benchi la nje, ubavuni mwa kanisa. Alikuwa anatembea vizuri siku ile, nawaambieni. Alipanda ngazi tatu za kibaraza bila kunishika.

Misa ikatoka. Watu wakatoka. Ubatizo haukuanza. Nikaenda kuuliza, nikamkuta Bi Purita amesimama na simu. Mama wa ubatizo, tajiri fulani wa Manila aliyechaguliwa na Bi Purita mwenyewe, amekwama barabarani, na padri amekubali kusubiri.

"Mbona hamkutuambia?"

"Kuna haraka gani, mzee? Mna ndege?"

"Dawa yake itaisha!"

"Si ameze nyingine."

Si ameze nyingine! Kana kwamba ni pipi. Nikarudi kwenye benchi. Sikumwambia Ate, lakini aliona. Tukakaa. Jua likasogea, kivuli kikatuacha. Nikaona gumba limeanza kusokota uzi. Nikaona bega linapanda, shingo inakakamaa, mdomo unalegea. Nilikuwa natazama dada yangu anazimwa kama taa za duka, moja baada ya nyingine, kwa sababu mwanamke mmoja mwenye gari la kiyoyozi alichelewa, pengine akitengeneza nywele. Nikampa kidonge kingine kabla ya saa yake, lakini hicho kilihitaji muda wa kuamka, na kengele ikalia. Gari lilikuwa limefika. Sasa kila mtu ana haraka.

Nikamshika kiwiko, tukaenda mlangoni. Na pale kwenye kizingiti cha mlango mkubwa wa kanisa, miguu ya dada yangu ikaganda.

Anayeujua ugonjwa huo anajua: mlango ndio adui. Uwanja mpana anapita, ila penye kizingiti nyayo zinashika chini kama zimepigwa misumari. Kichwa kinataka, kifua kinaegemea mbele, miguu haipo. Alisimama hapo, macho yamekodoka kuelekea altareni, anatetemeka mwili mzima, na ndani benchi zote zikageuka kumtazama.

Bi Purita alikuwa mbele na mtoto mikononi. Akapiga ishara ya msalaba.

"Mmeona wenyewe," akasema. Hakupaza sauti, lakini kanisa letu lina mwangwi. "Hawezi kuingia. Kanisa linamkataa."

Minong'ono ikapita kama moto kwenye nyasi. Nikalisikia neno lenyewe kutoka benchi la nyuma: aswang. Mchawi anayekula watoto tumboni mwa mama zao, asiyeweza kukanyaga mahali patakatifu. Dada yangu! Aliyewalisha wote wale! Mwanamke aliyelitamka nilimjua, aliwahi kula lomi ya bure mwezi mzima mumewe alipokimbia.

Karakanani nilikuwa nimegundua jambo. Mlangoni Ate anaganda, lakini ukimlazia kitu mbele ya miguu, mpira wa pampu au ubao, anakivuka. Miguu isiyokubali kutembea inakubali kuvuka. Sijui kwa nini, mwulizeni daktari. Basi nikanyoosha mguu wangu mbele yake, pale kizingitini, kama mhuni anayemtega mtu sokoni.

"Mzee anamtega dada yake!" mtu akapiga kelele.

"Ate," nikamwambia sikioni, "mguu huu unanuka. Uvuke upesi."

Akauvuka. Nikaweka mwingine, akauvuka. Tukaenda hivyo, mimi nikirukaruka kinyumenyume kwenye ujia wa kanisa kama jogoo mlevi, nikitupa mguu huu na mguu huu, na dada yangu akivuka, akivuka, hadi benchi la mbele. Mwenye kucheka alicheka. Padri alisimama na kitabu chake, mdomo wazi. Niliketi jasho linanitoka, na ningeweza kumng'ata mtu.

Santing akaketi. Akaweka mikono mapajani, viganja juu. Akamtazama mwanawe.

"Mlete," akasema. Seniong alikuwa hatua mbili mbali, hakusikia, au alijifanya. Akasema tena, "Mlete."

Seniong akamtazama Bi Purita. Hata hapo! Nikanyanyuka. Nadhani aliona uso wangu, maana alimchukua mtoto upesi kutoka kwa mama mkwe wake kabla hajakataa, akaja, akapiga goti, akamlaza mikononi mwa mama yake.

Na mkono ukatulia. Mkono huo hutetemeka ukiwa hauna kazi. Ulipopata kazi, ulinyamaza. Anselmo akafungua macho, akamtazama bibi yake, na bibi yake akamtazama. Hakuna aliyepepesa. Mmeshawahi kumchunguza mtoto mchanga? Naye hapepesi. Anakodoa kama bundi, anakutazama mpaka unaona aibu, udenda unamtoka, mdomo wazi, na watu wanasema oo, mzuri kama malaika. Nani amewahi kumwekea pazia mlangoni? Walitazamana hivyo wawili wao, na mtoto hakulia. Alishika kidole cha bibi yake.

"Inatosha," Bi Purita akasema, akaja amenyoosha mikono. "Anamfunga mbele ya altare. Nipe mtoto, mkwe."

"Sikupi."

Niliruka. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu siku za kibanda, alipokuwa anaita mteja aliyesahau mwavuli upande wa pili wa barabara. Sijui aliichimba wapi. Hata padri alinyoosha mgongo.

"Seniong!" Bi Purita akageuka. "Unamsikia mama yako?"

Seniong alikuwa bado amepiga goti. Shingo ilikuwa nyekundu. "Mama Purita," akasema, "kaa chini."

Akakaa.

Basi hayo ndiyo maneno yote. Kaa chini. Alikuwa nayo mdomoni siku zote zile, siku ya mate, siku ya pazia, siku ya mto na mfuko wa nguo, na hakuyatoa. Siku hizi anayahadithia kwa abiria wake kama mtu aliyezima moto. Watu wanakuja karakanani kuniambia, "Badong, si mambo yaliisha vizuri?" Yaliisha vizuri kwa nani? Kwenye karamu siku ile ile, kile kidonge cha pili kiliposhika na Ate akanyanyuka kuchukua chakula mwenyewe, yule wa benchi la nyuma alimwambia mwenzake, "Kumbe anaweza. Siku zote anajifanya." Nilimmiminia mchuzi kwenye viatu. Nikasema mkono umeteleza, ni pasma.

Seniong alimwomba mama yake arudi nyumbani. Alimwomba mbele ya wageni wote, akilia kidogo. Dada yangu alitafuna taratibu, akameza, jambo ambalo kwake ni kazi, kisha akasema kitu. Seniong akainama, hakusikia. Akainama tena.

"Sema kwa sauti alichosema," nikamwambia. "Wote wasikie."

Akafuta pua. "Anasema... anasema hatarudi. Anasema mtoto aletwe kwake kila Jumapili. Na wa kumleta awe Mama Purita."

Basi kila Jumapili, baada ya misa, pikipiki ya Seniong inasimama karakanani kwangu na Bi Purita anashuka na Anselmo. Hasemi kitu nami, sisemi kitu naye. Siku kidonge kimeshika, dada yangu anampakata mwenyewe. Siku hakijashika, mikono haiinuki, inabidi mtoto alazwe kwenye mto mapajani mwake na mtu ashikilie kichwa, na mtu wa karibu ni Bi Purita. Wanakaa bega kwa bega, rozari mbili zinaning'inia juu ya mtoto. Ate aliniambia juzi nimkaribishe huyo mama hata maji. Nikamwambia sijasikia, aongeze sauti. Kisha nikarudi kwenye gurudumu la lori la mawe lililokuwa linanisubiri, nikaigonga ile ringi kwa nyundo, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.